Programu huria serikalini na usalama wa nchi: maswali ninayoulizwa Dodoma

Nimekuwa afisa TEHAMA wa halmashauri hapa kanda ya kati kwa miaka mingi, na sasa nafundisha maafisa wenzangu. Maswali haya huulizwa kwenye mafunzo, kwenye daladala za Mtumba, na mara nyingine kwa simu usiku, mfumo wa mtu ukiwa umegoma na kesho yake kuna kikao. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Majibu ni yangu, si msimamo wa ofisi yoyote.

Programu huria ni nini? Ndiyo hiyo programu ya bure?

Ni programu ambayo msimbo wake chanzo uko wazi, yaani yale maelekezo aliyoyaandika mtaalamu kabla hayajageuzwa kuwa kitu cha kubofya. Leseni yake inakuruhusu kuusoma, kuutumia kwa kazi yoyote, kuubadilisha na kuwapa wengine. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa bado mwanafunzi mjini Helsinki, ndiyo inayotajwa zaidi. LibreOffice ya kazi za ofisini, kivinjari cha Firefox na hifadhidata ya PostgreSQL zimo kundi hilo hilo.

Bure si kiini cha jambo. Zipo programu za bure zilizofungwa kabisa, na zipo programu huria ambazo taasisi hulipia pesa nyingi ili zihudumiwe vizuri. Neno la kushika hapa ni ruhusa: una ruhusa ya kufungua boneti ya gari lako au huna?

Msimbo ukiwa wazi kwa kila mtu, si tumempa adui ramani ya nyumba?

Hili huwa swali la kwanza, na mara nyingi linatoka kwa mtu mwenye dhamana anayeogopa kwa nia njema. Hujibu kwa mfano wa malipo ya serikali. Kila aliyewahi kulipia kiwanja, faini au leseni anaujua utaratibu: unapewa namba ya kumbukumbu, unaingia kwenye menyu ya simu, unalipa, risiti inarudi. Utaratibu huo haujafichwa, na kuujua hakumwezeshi mtu kuchota hata shilingi moja Hazina. Kinachomzuia ni PIN yako, funguo za siri zilizopo kati ya benki na mfumo, na kumbukumbu zinazoonyesha nani kafanya nini saa ngapi.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha Ufaransa, aliandika kuhusu mawasiliano ya siri ya kijeshi kwamba mfumo mzuri ni ule ambao hata ukiangukia mikononi mwa adui hauleti madhara. Siri ikae kwenye ufunguo. Sababu yake askari yeyote ataielewa: ufunguo ukivuja unaubadilisha leo leo, lakini mtambo mzima uliosambazwa jeshi zima ukivuja, utachukua miaka kuubadilisha. Chukua AES, mbinu ya kusimba taarifa, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo, inayotumika leo kwenye benki, simu na kadi. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, ikashindanishwa na nyingine mbele ya wataalamu wa dunia nzima, ikatangazwa rasmi na Marekani mwaka 2001 pamoja na maelezo yake yote. Mwaka 2003 serikali hiyo ikaruhusu itumike hata kwa nyaraka zake za siri kubwa kabisa. Waliichagua mbinu ambayo kila mtu alikuwa ameshajaribu kuivunja akashindwa.

Na kufunga msimbo hakujawahi kumzuia adui mwenye nia. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuzifunga kompyuta za hospitali za Uingereza, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kilipitia ufa uliokuwa ndani ya Windows, programu iliyofungwa. Ufa huo ulikuwa umegunduliwa na NSA, shirika la kijasusi la Marekani, likautunza kama silaha, kisha silaha hiyo ikaibwa na kumwagwa mtandaoni. Microsoft, wenye Windows, walikuwa wameshatoa kiraka, yaani sasisho la kuuziba ufa huo, tangu Machi 14. Walioumia zaidi ni wale ambao karibu miezi miwili baadaye walikuwa bado hawajakiweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ulikuwa ukuta wa hospitali.

Jambo moja nalikubali bila kubisha. Kiraka cha programu huria kikitoka, mdukuzi naye anakisoma, na kwa kukisoma anajua ufa ulikuwa wapi. Ofisi inayosasisha seva zake kila wiki hilo haliisumbui. Ofisi inayosubiri bajeti ya mwaka ujao ndiyo inapaswa kuogopa.

Kwa hiyo taarifa zangu za NIDA au za hospitali zitakuwa wazi?

Hapana. Msimbo ni jinsi mfumo unavyofanya kazi. Taarifa zako ni kilichomo ndani. Kila mtu anajua daftari la zahanati lina safu gani, lakini hakuna anayeruhusiwa kusoma jina la mgonjwa. Watu huchanganya programu huria na data wazi, yaani taarifa zinazotolewa hadharani, kwa sababu maneno yanafanana, na nimeshaona waraka mzuri ukikataliwa kikaoni kwa mchanganyo huo tu.

Tanzania tunatumia tayari, au haya ni mambo ya Ulaya?

Tunatumia kila siku. Muuguzi wa zahanati ya Bahi au Kongwa anapojaza vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, takwimu za kituo chake huishia kwenye DHIS2. Hiyo ni programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na mizizi yake iko Afrika Kusini, ambako kazi ya kutengeneza mfumo wa taarifa za afya ngazi ya wilaya ilianza baada ya uchaguzi wa 1994. Watanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kwa miaka mingi, wakaitengenezea sehemu ambazo nchi nyingine nazo hutumia. Nani anaugua malaria wapi, chanjo zimefika wapi: hizo ni taarifa za usalama wa nchi kwa maana kamili ya neno, na zimekaa juu ya msimbo ambao mtoto wa sekondari anaweza kuupakua.

Simu ya Android iliyoko mfukoni mwako nayo inaendeshwa na Linux.

Wanasema programu huria ni salama kwa kuwa macho mengi yanaitazama. Ni kweli?

Ni kweli pale macho yanapotazama kweli. Hapa wapenzi wa programu huria, mimi nikiwa mmoja wao, tumewahi kuwadanganya watu.

Aprili 2014 kulitangazwa ufa ulioitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Mtu wa nje aliweza kuiuliza seva swali dogo lililopotoshwa, nayo ikamrudishia vipande vya kumbukumbu yake, vikiwemo nywila na hata funguo za siri. Ufa huo ulikuwa ndani ya toleo lililotoka Machi 2012. Kwa miaka miwili msimbo ulikuwa wazi, na karibu kila mtu alidhani mwingine ameshausoma. Mradi uliobeba mzigo huo wote ulikuwa na mwajiriwa mmoja wa kudumu, na michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka.

Wazee wetu waliopitia mashamba ya ujamaa hawahitaji kuelezwa zaidi. Shamba lilikuwa la wote, na msimu wa palizi kila mmoja aliamini jirani yake ameshakwenda. Kilichobadilika baada ya Heartbleed ni kwamba makampuni makubwa yalianza kuchangia fedha na watu, na OpenSSL ya leo inatunzwa vizuri zaidi. Lakini Desemba 2021 tuliona tena, safari hii kwenye Log4j, kipande kidogo cha kuandika kumbukumbu za mfumo kilichokuwa kimejificha ndani ya maelfu ya mifumo iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Nakumbuka wiki ile vizuri. Wengi wetu hatukujua kama tunacho au hatuna, maana hakuna aliyekuwa ameorodhesha mifumo yetu imeundwa kwa vipande gani. Mtu aliyegundua ufa alikuwa mhandisi wa Alibaba, China, akautaarifu mradi, nao ukatoa kiraka. Sisi tuliokuwa chini tulibaki kupekua seva moja moja.

Kwa hiyo uwazi unakupa nafasi ya kuona. Kuona kwenyewe ni kazi, na kazi inahitaji mtu mwenye ajira, mshahara na muda. Serikali inayochukua programu huria ili tu kufuta gharama ya leseni kwenye bajeti, bila kuhamishia sehemu ya fedha hiyo kwa watu wa kuitunza, imejinunulia hatari.

Na mtu akijipenyeza kwenye mradi makusudi?

Imeshatokea. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia kwenye mradi mdogo wa kubana mafaili uitwao XZ Utils, uliokuwa ukitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Kwa zaidi ya miaka miwili alileta kazi nzuri, akaaminiwa, akapewa mamlaka. Kisha akapandikiza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva nyingi za Linux duniani. Ijumaa ya Machi 29, 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliutangaza. Alikuwa ameona kuingia kwenye mashine zake za majaribio kunachelewa kwa kama nusu sekunde, hakulidharau jambo hilo, akachimba mpaka akafika chini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wengi huitaja habari hii kama ushahidi kwamba programu huria haifai. Mimi naiona ikifundisha mawili kwa pamoja: kwamba mradi unaotegemea mtu mmoja mchovu ni lango la adui, na kwamba Freund, ambaye hakuwa sehemu ya mradi ule, aliweza kufungua msimbo na kuangalia kwa sababu aliruhusiwa. Jaribu kufikiria nusu sekunde ile ndani ya programu iliyofungwa. Ungeandika barua kwa muuzaji, ukajibiwa ununue kompyuta yenye kasi zaidi.

Programu ya kulipia ina mwenyewe. Ikiharibika nina wa kumshika. Ya huria nitamshika nani?

Soma mkataba wa leseni ulionao kabatini. Karibu kila leseni ya programu, iwe ya kulipia au huria, inasema muuzaji hawajibiki kwa hasara utakayopata, au anawajibika kwa kiasi kidogo tu. Desemba 2020 iligundulika kwamba wadukuzi walikuwa wamepandikiza msimbo wao ndani ya sasisho halali la kampuni ya SolarWinds, na wateja wapatao 18,000 walilipakua, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani. Julai 19, 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, ndege zikabaki ardhini na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Hizo zote zilikuwa na mwenyewe.

Lakini nitakueleza la kwetu, kwa sababu ndilo lililonibadilisha mimi. Halmashauri niliyokuwa nafanya kazi ilinunua mfumo wa kukusanya ushuru wa mazao na wa minada ya mifugo. Mfumo ulikuwa mzuri. Mkataba haukusema lolote kuhusu msimbo. Miaka mitatu baadaye kampuni ile ikafungwa, simu hazipokelewi, na mwaka huo huo sheria ndogo zikabadilisha viwango vya ushuru. Kiwango kilikuwa kimeandikwa ndani ya programu, mahali ambapo hatukuweza kufika. Nilikaa mbele ya mashine ile nikiwa na shahada yangu ya kompyuta, najua kabisa ni namba moja tu ya kubadilisha, na siwezi. Watendaji wa kata wakarudi kwenye vitabu vya risiti. Mnadani risiti za mkono zina njia nyingi za kupotea, na msimu ule zilipotea. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walisema, na siku ile nilielewa kwa nini hawakutafuta neno la adabu zaidi.

Kwa programu huria, wa kumshika ni yule uliyeingia naye mkataba wa kuihudumia. Akikushinda unamwachisha na kumpa mwingine msimbo ule ule. Nguvu yako iko hapo.

Je, si kweli kwamba programu za nje zinaweza kuwa na milango ya majasusi?

Zinaweza, ziwe za huria au za kufungwa. Tofauti ni kama unaweza kuangalia.

Kampuni ya Crypto AG ya Uswisi iliuzia nchi zaidi ya 120 mitambo ya kusimba mawasiliano ya siri. Uswisi haina upande, watu walidhani, basi mitambo yake ni salama. Februari 2020 gazeti la Washington Post na televisheni ya Ujerumani ZDF walifichua kwamba tangu 1970 kampuni hiyo ilikuwa ikimilikiwa kwa siri na CIA pamoja na idara ya ujasusi ya Ujerumani Magharibi, na mitambo mingi ilikuwa imelegezwa ili barua za wateja zisomeke. Serikali zililipa fedha zao zenyewe ili zisikilizwe. Miaka yote hiyo hapakuwa na msimbo wa kusoma.

Linganisha na SELinux, sehemu ya Linux inayozuia programu moja kugusa mambo ya nyingine. Iliandikwa na NSA hiyo hiyo, ikatolewa hadharani Desemba 2000, na leo imo ndani ya simu za Android. Nikisema hivi darasani watu hushtuka. Lakini msimbo wake umesomwa na kurekebishwa kwa zaidi ya miaka 20 na watu wa nchi nyingi, wakiwemo wasioipenda kabisa NSA. Sikuambii umwamini aliyeandika. Nakuambia una uwezo wa kutomwamini na bado ukatumia kazi yake.

Microsoft nao, tangu 2003, wana mpango wa kuzionyesha serikali msimbo wa bidhaa zao. Ni hatua nzuri. Kuonyeshwa kitu kwenye chumba cha mwenyeji, hata hivyo, hakukupi ruhusa ya kukirekebisha ukirudi kwako.

Majeshi makubwa yanatumia programu huria?

Ndiyo. Mwaka 2003 taasisi ya utafiti ya Marekani iitwayo MITRE ilihesabu programu huria 115 ndani ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikaonya kwamba kuzipiga marufuku kungedhoofisha kwanza kabisa vitengo vya usalama wa mitandao. Gendarmerie ya Ufaransa, jeshi lao la polisi, ilianza na programu za ofisini mwaka 2005, ikafuata kivinjari, kisha mwaka 2008 ikaanza kuhamia Linux yenyewe. Leo ina makumi ya maelfu ya kompyuta za namna hiyo.

Ofisini kwetu tuna Windows za kukraki. Ni nafuu na zinafanya kazi. Tatizo liko wapi?

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu naona hatari kubwa ya usalama wa TEHAMA katika ofisi zetu za wilaya iko hapa, kabla hata hatujafika kwa majasusi.

Programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni ili itumike bila kulipiwa, ina ubaya wa pande zote mbili. Imefungwa, kwa hiyo huwezi kuisoma. Na aliyeifungua ni mtu usiyemjua, aliyeongeza kitu usichokijua, na ukakiruhusu kwa mkono wako mwenyewe kiwe msimamizi mkuu wa mashine. Fundi wa mtaani akishaiweka huzima masasisho, maana sasisho likija linaweza kuugundua ukraki na kuanza kulalamika. Kwa hiyo kompyuta ya serikali inakaa miaka bila kiraka hata kimoja, huku ikipokea flashi kutoka stesheneri, kutoka kwa mkandarasi, kutoka kwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Juu ya yote ni uvunjaji wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, unaofanywa ndani ya jengo lenye bendera.

Niliwahi kuitwa idara ya ardhi asubuhi moja. Mafaili yote yalikuwa yamebadilishwa majina, na kwenye kioo kuna ujumbe wa kudai fedha. Ramani za viwanja za miaka minne. Tuliokolewa na mpima mmoja aliyekuwa na tabia ya kubeba nakala zake kwenye flashi, tabia ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemkaripia nayo. Nakala zake zilikuwa pungufu, na wapo wananchi waliorudishwa kupimiwa upya.

Tangu Oktoba 14, 2025 Windows 10 imeacha kupewa masasisho ya kawaida, na kompyuta nyingi za ofisini hazina sifa za kuwekewa Windows 11. Njia za halali ni kununua mashine mpya, kulipia muda wa ziada wa masasisho, au kuweka Linux kwenye zile zinazotumika kuandika barua na kufungua mifumo ya serikali kupitia kivinjari. Kwa kompyuta ya masijala au ya mapokezi, hii ya tatu inatosha kabisa na inaweza kufanyika wiki hii.

Tukibadilisha programu yenye leseni ya GPL, tutalazimika kumwaga mfumo wetu wa siri hadharani?

Hapana, mkiutumia ndani kwenu. GPL ni mojawapo ya leseni za programu huria, na wajibu wake wa kutoa msimbo huanza pale unapomgawia mtu programu, na ukimpa pamoja na msimbo wake umemaliza deni. Taasisi inayobadilisha Linux kwa matumizi yake haidaiwi na mtu. Angalia tu leseni ya AGPL, ambayo huwapa haki ya msimbo hata wanaotumia mfumo kupitia mtandao. Nywila, funguo, anwani za seva na taarifa za wananchi si sehemu ya msimbo kwa leseni yoyote, na hazipaswi kuandikwa humo kamwe.

Si ingekuwa salama zaidi tuandike kila kitu wenyewe, kisha tukifungie?

Naheshimu sana kilichofanywa na wataalamu wetu. Mfumo wetu wa MUSE ulichukua nafasi ya Epicor, programu ya kampuni ya nje, kwenye malipo ya serikali. Mwaka 2023 NeST ikachukua nafasi ya TANePS kwenye ununuzi wa umma. Kuwa na watu wa kwetu wanaojua kila kona ya mifumo hiyo ni ulinzi wa nchi, na vijana wanaopitia Chuo Kikuu cha Dodoma na kituo cha utafiti na ubunifu cha Mamlaka ya Serikali Mtandao hapa Dodoma ndio hazina yenyewe.

Ila hakuna mfumo unaoandikwa kuanzia sifuri. Chini yake kuna hifadhidata, kuna lugha ya programu, kuna mfumo endeshi, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ni huria, utake usitake. Na mfumo uliofungiwa hata kwa ndugu zako serikalini una udhaifu wake: unajulikana na watu wawili. Mmoja akistaafu na mwenzake akipata kazi benki, umerudi kwenye mashine yangu ya ushuru wa minada, safari hii umeijenga mwenyewe. Tuna halmashauri 184. Mfumo mdogo ulioandikwa vizuri Singida ukiwekwa mahali ambapo afisa wa Manyoni na wa Mpwapwa wanaweza kuusoma, kuusahihisha na kuutumia, tumepata macho ambayo hayalipwi posho ya ziada. Si lazima uwe wazi kwa dunia. Kwa mifumo ya ulinzi na usalama nitakuwa wa kwanza kusema usiwe.

Tukiweka programu huria, tumemaliza suala la ujasusi?

Hata kidogo. Januari 2018 gazeti la Le Monde liliandika kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, zilikuwa zikisafiri kila usiku kwenda Shanghai tangu jengo lizinduliwe mwaka 2012. China, iliyolijenga kama zawadi, ilikanusha. Vyovyote iwavyo, habari ile ilikumbusha kwamba kuna seva, kuna kebo, kuna swichi ukutani, kuna mtu mwenye ufunguo wa chumba. Programu ni tabaka moja.

Watumishi watakubali? Wamezoea Word na Excel.

Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukafikisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Siasa zilichangia, lakini na malalamiko ya watumishi yalichangia. Wale Wafaransa wa Gendarmerie niliowataja walianza na programu za juu, watu wakazizoea kwa miaka, ndipo wakabadilisha kilichoko chini. Fuata njia ya Wafaransa.

Sisi tuna kitu cha ziada ambacho tumekisahau. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Hawakuomba kibali cha kampuni yoyote. Msimbo ulikuwa wazi, wakautafsiri. Karani anayesoma onyo la usalama kwa lugha yake analielewa. Anayelisoma kwa lugha asiyoijua vizuri anabofya "OK" ili limwondokee.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 ndiyo inayosimamia TEHAMA katika taasisi za umma, kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakubana kuhusu taarifa za watu hata mfumo uwe wa aina gani. Kabla ya kununua au kujenga, zungumza na Mamlaka kwanza.

Naandaa hadidu za rejea za mfumo mpya. Niweke nini ili yasinikute yaliyokukuta?

Andika kwamba msimbo wote, pamoja na historia yake ya mabadiliko, ni mali ya taasisi au uko chini ya leseni huria inayotajwa kwa jina. Dai orodha ya kila kipande cha nje kilichotumika na toleo lake. Siku ya Log4j nyingine orodha hiyo itakuokoa usiku mzima. Dai taarifa zitoke kwa muundo ambao mfumo mwingine unaweza kuusoma. Viwango vya ada viwe kwenye ukurasa wa mipangilio, visiandikwe ndani ya programu. Tenga fedha ya matunzo kila mwaka kama unavyotenga ya gari la idara.

Kisha weka sharti moja ambalo wazabuni hawalipendi: malipo ya mwisho yasitoke mpaka afisa wako mwenyewe, kwenye mashine tupu, bila mtu wa kampuni kugusa kibodi, ameujenga mfumo kutoka kwenye msimbo na ukawaka. Tulipolifanya mara ya kwanza tulikaa chumba cha mikutano siku tatu. Siku ya kwanza maelekezo yalikuwa hayajakamilika. Siku ya pili ikagundulika kuna kipande kilichobaki kwenye kompyuta ya mtengenezaji na hakikuwahi kukabidhiwa. Siku ya tatu, saa kumi jioni, ukurasa wa kuingilia ukafunguka mbele ya dada mmoja aliyekuwa na miezi minane tu kazini, na mkurugenzi akasaini hati ya malipo pale pale.